Sauti ya Kumpelekea Veronika

Ijumaa, 8 Machi 1957
Mwalimu Lukasi anataka sisi kina mama wa darasa la jioni tuandike mstari mmoja kila siku, mkono usisahau. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Basi mstari wangu ndio huu: masika imeanza, njegere zimekubali, kichanga ananyonya vizuri.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua.

Jumanne, 12 Machi
Leo mstari mmoja hautoshi.

Alois, dereva wa lori la mboga, ameniletea barua kutoka hospitali ya Dar es Salaam. Imeandikwa na nesi Hidaya, yule aliyempokea Veronika wangu mwezi wa kumi na moja. Veronika ana miaka minane. Ugonjwa ulimwingia kwenye uti wa mgongo, akaanza kutembea ameinama kama bibi kizee, mpaka daktari akasema alazwe chali ndani ya plasta miezi sita, pengine na zaidi. Nilimpeleka mimi mwenyewe, tumbo likiwa kubwa. Nilipomwacha alikuwa anaongea na vitanda vitatu kwa mpigo.

Sasa nesi anasema hivi, nanakili: "Mama Veronika, sitakuficha. Mtoto ameacha kusema tangu Krismasi ipite. Chakula anageuza uso. Baba yake alikuja mwezi uliopita, akakaa naye siku mbili, naye hakumjibu neno. Daktari anasema dawa haitamjenga bila chakula, na akizidi kukonda hatafika mwisho wa plasta. Humu wodini hakuna anayejua Kiluguru. Mkiwa na namna yoyote ya kumsogezea nyumbani, fanyeni."

Namna gani? Kichanga ana wiki sita, na wodi ile haipokei watoto wachanga. Nikimwacha hapa atanyonya nini? Nikienda namuua huyu, nikikaa namuua yule. Nimesoma barua mara nne, nikidhani labda sijui kusoma.

Na Yohana, baba yake. Alirudi kutoka Dar akaniambia, "Hajambo, anakusalimu." Aliniletea salamu ambazo mtoto hakuzitoa.

Jumatano, 13 Machi
Sikuongea na Yohana. Alichukua jembe akaenda shambani na mvua yote ile.

Alhamisi, 14 Machi
Vilevile.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya misa Mwalimu Lukasi alituonyesha mashine ya kunasa sauti. Si yake. Ni ya Mzungu mmoja wa Dar anayekusanya nyimbo za kwaya, kamwazima mpaka Pasaka. Inatiwa ufunguo kama saa, na ndani inakula betri. Utepe mwembamba wa kahawia unatoka kigurudumu hiki unajikunja kwenye kile. Kwaya iliimba, kisha mashine ikaimba peke yake, hata pale Cecilia alipokosea ikakosea naye. Watu walicheka, Cecilia akanuna.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapata wazo.

Nilimngoja nje. Zamani nilimwona kijana wa majivuno, kwa sababu ya viatu na Kiswahili chake cha Dar. Nikampa barua ya nesi aisome. Aliisoma amesimama kwenye matone ya paa bila kujua kuwa analowa.

"Narudisha mashine Dar baada ya Pasaka," akasema. "Nitapita nayo wodini, mama. Tutanasa sauti yako nimpelekee."

"Atasikia ni mimi?"

"Ukisema vizuri, atasikia ni wewe."

Jumanne, 19 Machi
Tumejaribu shuleni. Imeharibika.

Paa la shule ni la bati. Mwalimu aliniweka mbele ya kile anachokiita maikrofoni, mimi nakiita sikio, maana kazi yake ni kusikia. Limesimama kwenye mguu wake kama uyoga wa chuma. Nikasema maneno yangu. Alipoyarudisha tukasikia mvua, mvua, mvua, na ndani ya mvua mwanamke yuko kwenye pipa anaita watu. Mwanamke ndiye mimi.

"Sauti yangu ndiyo hiyo?"

"Kila mtu anaichukia sauti yake, mama."

Siichukii. Nilimwambia tu kwamba hata mimi nisingeitika nikiitwa hivyo.

Jumatano, 20 Machi
Barabara ya Morogoro imekatika. Dada Mwaisha, mchuuzi anayenunua kabichi zetu akiziteremsha mjini, amekwama huku na vikapu vyake. Amefikia kwangu. Anasema Waluguru wamemteka.

Ijumaa, 22 Machi
Nilimwambia Mwalimu: njoo nyumbani kwangu. Ukuta wa udongo, paa la nyasi, mvua inateremka kimya. Akasema mashine ni nzito na njia imekuwa utelezi wa sabuni. Yohana alikuwa anasikiliza mlangoni, mimi nikidhani anatengeneza mpini. Aliweka mpini chini. Aliteremka shuleni, akarudi na mashine kichwani imefunikwa majani ya migomba, yeye amelowa mpaka kwenye mifupa na mashine kavu.

Nikampa chai. Neno la kwanza nililomwambia tangu barua ile lilikuwa, "Kunywa."

Jumamosi, 23 Machi
Leo nimejifunza mambo ya masikio.

Mashine ina mawili. Lile kubwa la Jumanne kule shuleni, na dogo mfano wa yai la bata, lenye waya mrefu. Mwalimu analitaka kubwa. "Hili ndilo la maana, mama, linasikia pande zote. Dogo Mzungu amelitia akiba tu."

Tukalijaribu kubwa hapa ndani. Kweli linasikia. Lilisikia kuni, likasikia kuku, likasikia mfereji nyuma ya nyumba, likasikia dada Mwaisha akipepeta mchele. Mimi nikawa mbali kama mpita njia.

"Veronika atadhani mama yake ni huyo kuku," akasema Mwaisha.

"Kuku angalau anasikika," nikasema.

Mwalimu akalisogeza karibu, kuku akasogea naye. Nikamwuliza, "Mwalimu, wewe sokoni ukitaka kumsikia mtu mmoja unaongeza masikio?"

"Hapana. Namsogelea."

"Basi nipe hilo linalotaka kusogelewa."

Dogo likanipa kazi nyingine. Linasikia mdomo tu, lakini linausikia mno. Kila nikisema "baba" au "pole" linapiga kishindo kama mlango uliopigwa na upepo. Nikilishika, linasikia vidole vyangu. Likiwekwa mezani pamoja na mashine, linasikia mashine inavyonguruma tumboni. Tulihangaika tangu asubuhi mpaka maharage yakaungua, na harufu nashukuru halisikii.

Mwisho tumefanya hivi, naandika nisisahau. Sikio limefungwa kwenye mwiko. Mwiko umechomekwa kwenye debe la maharage makavu, chini, mbali na mashine, ili mtikisiko ufie kwenye maharage. Kutoka mdomoni shubiri moja, ya mkono wangu si ya Mwalimu. Lisikae mbele ya mdomo bali ubavuni, maneno yalipite na pumzi isiligonge. Juu yake kitambaa cha kichwa cha dada Mwaisha, safu moja. Blanketi limetundikwa mlangoni. Kuku nje.

Nikasema, "Veronika, pole mwanangu." Ikarudi: Veronika, pole mwanangu. Sauti kavu, ya karibu, ya mtu anayemfunika mtoto shuka. Nilijitambua.

Lakini nikasikitika pia, kwa kuwa nyumba yote imeachwa nje. Nikamwambia Mwalimu, mtoto anataka kusikia nyumbani. Akasema, "Mama, mgonjwa akipata nyumba nzima bila maneno yako atapata kelele. Akipata maneno yako, nyumba ataijenga mwenyewe." Kijana huyu si wa majivuno.

Jumapili, 24 Machi
Nimemwomba Yohana naye aseme kidogo. Akakataa. Nilidhani ni ugumu wake, nikaanza kupandisha hasira. Ndipo akasema ameangalia chini:

"Nilikaa naye siku mbili, Theresia. Nilimwita kwa majina yote. Aliangalia dari. Sauti yangu ameshaikataa, usije ukaichanganya na yako akaikataa na hiyo."

"Na mimi ukaniambia hajambo."

"Ulikuwa na siku tatu tangu ujifungue. Ningekuambia nini?"

Nilimwekea chakula, nikamwongezea mboga.

Jumanne, 26 Machi
Mwalimu anasema betri zimechoka na nyingine ziko Dar. Zilizobaki zinatosha kunasa mara moja tu na kumsikilizisha mtoto. Hakuna kurudia.

Alhamisi, 28 Machi
Tumenasa. Na nimeharibu.

Nitaeleza taratibu. Asubuhi mvua ilikuwa nyepesi. Dada Mwaisha akamchukua kichanga mgongoni. Yohana alikaa nje barazani, kuzuia kuku na wageni. Mimi nikakaa kwenye mkeka, debe la maharage mbele yangu, nikapima shubiri. Mwalimu akanionyesha kidole, maana yake sema.

Nikanyamaza.

Nilifumba macho ili nimwone, nikamwona kweli, yuko kwenye kitanda chake cheupe. Nikangoja. Mwalimu baadaye aliniambia alipunga mikono kama anayefukuza ndege, mimi sikumwona. Baadaye nikasema, "Marahaba, mwanangu." Nikangoja tena. "Umeamkaje?" Nikangoja. "Mgongo unasemaje leo?" Nikangoja. "Wamekupa uji? Umeumaliza?" Nikangoja. Nikamweleza mdogo wake ana pua ya babu, nikangoja acheke. Nikamwambia mbuzi wake amezaa mapacha, nikangoja aulize rangi, kisha nikamjibu, mmoja mweusi, mwingine ana mabaka. Yote kwa Kiluguru, kama tunavyoongea jikoni. Katikati Yohana alikohoa huko nje. Mwisho nikamwambia kula, mama, kula kidogo kidogo, nikamuaga, nikangoja aniage.

Nilipofumbua macho Mwalimu alikuwa ameshika kichwa.

"Mama, mbona ulikuwa unanyamaza?"

"Wapi?"

"Kila mahali. Hata mwanzoni. Utepe umezunguka wee, hakuna neno."

"Nilikuwa namngoja anisalimie."

"Nani?"

"Veronika. Mtoto ndiye anayeanza na shikamoo. Nitaanzaje mimi mkubwa?"

Mwalimu alinitazama. Dada Mwaisha akageukia ukuta, mabega yanatikisika, kichanga naye anatikisika mgongoni.

"Mama," akasema Mwalimu polepole, "Veronika yuko Dar es Salaam."

"Najua yuko Dar es Salaam."

"Sasa marahaba umemwitikia nani?"

Hapo ndipo nikaona nilichofanya. Nimeiongelesha mashine kama mtu, nikaipa zamu zake za kujibu. Hatuongei na mtoto bila kumwachia nafasi, ndivyo tulivyowalea, anayesema mfululizo bila kupumzika ni mlevi au mgambo wa kodi. Lakini nusu ya utepe ni kimya. Nikaomba turudie. Mwalimu akaangalia taa ya betri, akatikisa kichwa.

Nimelia. Dada Mwaisha aliacha kucheka akakaa karibu yangu. Akasema, "Sisi pwani ndivyo hivyo hivyo. Hata mimi ningengoja shikamoo yangu." Kwao ni Bagamoyo, ameolewa Morogoro. Najua alinipoza tu, lakini nilipoa.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua. Mwiko nimeurudisha jikoni.

Jumatatu, 1 Aprili
Dada Mwaisha amepata njia, ametembea na wachukuzi. Nyumba imekuwa kubwa bila yeye.

Jumatatu, 8 Aprili
Kipande cha tuta kimeporomoka, kabichi arobaini zimekwenda nacho. Yohana anasema zitaota kwa majirani wa chini. Nilicheka, halafu nikajiona vibaya kwa kucheka.

Jumapili, 14 Aprili
Matawi. Niliomba kitu kimoja tu.

Jumatano, 17 Aprili
Nimempelekea Mwalimu mayai. Nikamwambia, ukifika waeleze masista wa wodini mapema kwamba mama yake hakusoma sana, wasije wakadhani mashine mbovu. Akasema, "Shikamoo, mama," maana nilikuwa nimeanza kusema kabla hajanisalimia. Tukacheka wote wawili.

Jumapili, 21 Aprili
Pasaka. Nyama kidogo. Kichanga kabatizwa Rehani, jina la mjomba wangu, na Padre kaongeza Paulo.

Jumanne, 23 Aprili
Barabara imefunguliwa, Mwalimu ameondoka na lori la Alois, mashine mapajani. Yohana alimsindikiza mpaka ng'ambo ya daraja. Aliporudi nikamwuliza mlizungumza nini. "Njia," akasema.

Alhamisi, 25 Aprili
Leo yuko wodini.

Ijumaa, 26 Aprili
Au leo.

Jumapili, 28 Aprili
Siwezi kushona, siwezi kupika, chumvi natia mara mbili. Nafikiri jinsi ile mashine itakavyonyamaza mbele yake. Mtoto aliyenyamaza na mashine iliyonyamaza. Watatazamana tu. Nesi atasema, mama huyu amemletea mwanawe ukimya, kana kwamba alionao hautoshi.

Alhamisi, 2 Mei
Mwalimu amerudi. Naandika harakaharaka, mwenye kusoma anisamehe mwandiko.

Alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, matope mpaka magotini. Nilikuwa nachambua maharage. Nilipomwona nikayaacha maharage. Akaona uso wangu, akasema haraka, kabla hata ya salamu, "Amesema, mama. Amesema na amekula."

Yohana alikuwa dirishani kwa nje. Akaja.

Mwalimu akatusimulia. Siku ya kwanza aliweka mashine kwenye kiti kando ya kitanda, nesi Hidaya akasimama nyuma. Veronika akaangalia dari. Utepe ukazunguka, kimya, nesi akasema mashine yenu imeharibika njiani. Ghafla ikasema, "Marahaba, mwanangu." Mtoto akageuza shingo. Plasta inamzuia, lakini aligeuza mpaka mwisho wa shingo. Akasikiliza yote, machozi yakimwingia masikioni maana amelala chali, hakusema neno. Ilipokwisha akaonyesha kidole: tena.

"Nikarudisha mwanzo," Mwalimu anasema. "Utepe ukaanza, kimya kile kile. Na katikati ya kimya, mama, akasema, 'Shikamoo, mama.' Sauti imekauka kama mlango wa ghalani. Na mashine ikamjibu, 'Marahaba, mwanangu.'"

Sikusikia vizuri yaliyofuata, ikabidi asimulie upya. Kila nilipongoja, Veronika alijibu. Umeamkaje? Nimeamka salama. Mgongo unasemaje? Unawasha ndani. Wamekupa uji? Wamenipa, sikuumaliza, mama, una donge. Wakati huo nesi Hidaya hajui Kiluguru hata kidogo, analia tu bila kujua uji una madonge. Penye mbuzi, mtoto akauliza kwa haraka, "Rangi gani?" na mashine ikasema, mmoja mweusi, mwingine ana mabaka. Akacheka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakataka nao waongee na mama yule.

Mwalimu akasema, "Ningekuwa nimekusimamia vizuri nikakulazimisha useme mfululizo, angesikiliza tu. Asingepata pa kuingia." Kisha, "Nilikukosea siku ile, kushika kichwa." Nikamwambia anyamaze, anywe chai.

Yohana alikuwa anakwangua tope kwenye mlango kwa ukucha. Mwalimu akamgeukia. "Nawe baba, kile kikohozi chako kimenaswa, kwa mbali. Siku ya pili alisimamisha mazungumzo akaniuliza, baba anaumwa? Nikamwambia hapana, alikuwa anafukuza kuku. Akasema, mwambieni avae koti."

Yohana akatoka. Alikaa huko nje muda, nikamwacha. Aliporudi alikuwa amevaa koti.

Betri zilikufa siku ya tatu, mchana. Mwalimu anasema wakati huo mtoto alikuwa ameshahamia kwa nesi Hidaya, anamfundisha Kiluguru, anamkaripia akikosea.

Ijumaa, 3 Mei
Nimelala mpaka jua limetoka. Lilikuwepo jua.

Jumanne, 14 Mei
Kabichi za juu zimefunga. Dada Mwaisha amekuja na lori, nimemsimulia yote mwanzo mpaka mwisho. Sasa anasema yeye ndiye aliyenishauri ningoje. Nimemwachia.

Jumatano, 29 Mei
Mvua zimepungua, mfereji umeanza kuonekana mawe.

Barua ya nesi Hidaya. Daktari amempima Veronika, ameongezeka ratili sita, mfupa unashika. Plasta itabadilishwa mwezi wa saba, na Rehani akianza uji naweza kwenda kumwona. Anakula cha kwake na kumalizia cha jirani.

Mwisho wa barua nesi ameandika hivi, nanakili: "Mama, kuna jambo dogo. Mtoto sasa anaongea mno. Anaongea wakati wa daktari, anaongea wakati wa sala, anawafanya wenzake wacheke wakati wa kulala mchana. Sista mkuu anakuomba umwandikie mwanao, kwa kuwa wewe anakusikia, umwambie apunguze maneno."

Nimeketi na kumwandikia Veronika kurasa mbili, kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemweleza Rehani ameota jino, nimemweleza mbuzi, nimemweleza koti la baba yake. Jambo la Sista mkuu sikuliandika.